Kilio Alichokibeba Gideoni

Asubuhi hiyo Tumpe alikuwa barazani kwake Ilomba anachambua mchele, hana hili wala lile. Mwanawe Gideoni akatoka chumbani anarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

"Mama! Lebo ya muziki ya Dar wamejibu!"

Wenzangu, huyo kijana alishatuma demo kila lebo mpaka simu ikachoka. Wakubwa wanafungua, wanaona, kimya. Wenye midomo mtaani walimwita Msanii wa Bafuni, maana huko tu ndiko alikosikika. Sasa leo wanamtaka akasaini mkataba.

"Wamependa nini, baba?"

"Kile kilio cha nyuma. Nilimrekodi mama Philbert msibani, nikakiweka chini ya biti ya wimbo."

Ungo ukamponyoka. Jirani yao Esnath, mama Philbert, alikuwa akimlilia mwanawe siku ile. Na huku kwetu kilio cha mfiwa hakitoki msibani. Kinaachwa palepale, kwenye majivu ya matanga. Ukikibeba, kitatafuta mwingine wa kumlilia.

"Kifute."

"Mama nawe! Si ndicho walichokipenda?" Akacheka, akabonyeza simu.

Tumpe akasikiliza. Biti. Sauti ya mwanawe. Kisha kilio, mbali, kama kinatoka nyuma ya nyumba.

Haikuwa sauti ya Esnath.

Ilikuwa yake Tumpe mwenyewe, na ule mkwaruzo wake wa pumu. "Gideoni mwanangu, mbona umeniacha na sahani yako mkononi?"

"Unasikia?" akanong'ona.

"Namsikia mama Philbert. Analia vizuri, eh?"

Tumpe alimpigia magoti. Kijana hakusikia. Tumpe akakimbilia kwa Esnath: "Dada, kichukue kilio chako, nakuomba."

Esnath akatikisa kichwa. "Sinacho tena, mwenzangu. Tangu msiba ule nikitaka kulia, koo kavu."

Usiku Tumpe akamfichia mwanawe viatu. Alfajiri kijana akapanda basi la Dar na ndala.

Mchana Tumpe alikuwa peke yake jikoni, anaosha sahani ya viporo vya wali alivyokula mwanawe kabla ya kuondoka. Simu ikaita, namba ngeni, mtu wa Iringa. Basi limeanguka kwenye mteremko wa Kitonga.

Sahani ikaanguka. Ikavunjika vipande.

Msibani watu walingoja mama alie. Alijaza khanga mdomoni. Nisipolia, alijiambia, maneno yale ya kwenye wimbo hayatatimia. Jeneza likatolewa. Hakulia. Mawifi wakaanza kumsema pembeni, si unajua watu.

Ndipo kilio kikasikika.

Nyuma ya nyumba. Kwa mkwaruzo wake. Wanawake wakageuka kumtazama Tumpe. Khanga ilikuwa bado mdomoni.

Hakuna aliyeenda kuangalia.

Baada ya arobaini, mtu wa lebo alipiga simu. Alitoa pole kwa adabu, kisha akasitasita.

"Mama, wimbo wa marehemu tulitaka kuutoa. Ila ile sauti ya kilio haimo tena. Nani aliifuta?"

Tumpe akaikandamiza simu sikioni.

"Pamebaki kimya tu," akasema yule mtu polepole. "Halafu mwishoni kuna simu inaita, na sahani inavunjika. Hayo mliyarekodi wapi?"