Mjenzi wa Vizuizi

Wiki ya mashindano ya farasi, mji wa Aachen, Ujerumani, hufurika watu. Foleni ya duka la mikate nyuma ya kanisa kuu ilikuwa imefika barabarani, na ndani yake alisimama Wiebke Harmsen, buti ndefu nyeusi miguuni, suruali nyeupe ya kupandia farasi, majani makavu nyweleni. Alipokionyesha kwa kidole kipande cha mwisho cha pai ya wali, mkono mwingine ulikuwa umeshamtangulia.

"Samahani dada, hicho changu."

"Kina jina lako?"

"Naitwa Matthis. Kigeuze, huenda limeandikwa chini."

Wakakila pamoja, wamesimama, uma mmoja.

"Unanuka farasi," Matthis alisema.

"Na wewe unanuka rangi."

"Napaka nguzo. Ni msaidizi wa mjenzi wa vizuizi, vile vinavyorukwa na farasi pale uwanjani."

Wiebke aliacha kutafuna. "Kumbe nakula na adui!"

Wiebke alikuwa akiiwakilisha Ujerumani katika kuruka vizuizi kwa farasi. Roma, Calgary, Doha, kote alikwenda na Lerche, farasi jike mwekundu aliyemlea tangu alipozaliwa katika shamba la baba yake, karibu na Norden. Yeye na Matthis walipendana wiki ile ile, na mapenzi yao yakawa ya simu.

"Uko wapi leo, mpenzi?"

"Sijui. Mapazia ya kahawia."

"Basi uko hotelini."

"Mjinga wewe! Nimekukumbuka."

Jambo moja tu hawakuligusa kamwe: vizuizi. Watu walishaanza kunong'ona kwamba Wiebke analala na mtu mwenye ramani ya uwanja, na Matthis hakutaka kuwapa sababu.

Mwaka wa tatu wa mapenzi yao, uwanjani Aachen, mbele ya jukwaa lililojaa, Wiebke aliviendea vizuizi viwili vilivyofuatana kwa karibu. Lerche aligonga nguzo kwa magoti, akapinduka. Pazia la kijani likasimamishwa kumzunguka farasi, daktari wa mifugo akaingia nyuma yake, na alipotoka hakumtazama mtu usoni.

Wiebke alizindukia hospitalini, mtulinga umevunjika. Baba yake, mzee Onno, alikuwa kando ya kitanda, ameshika kofia mkononi.

"Lerche yuko wapi, baba?"

Mzee aliikunja kofia, akaikunjua.

Jioni Matthis alikuja, bado na koti la kazi. Hakujua kusema uongo, akasema kweli papo hapo.

"Jana nilimwambia bosi nafasi kati ya vile viwili ni finyu. Akapima tena, akasema ni halali."

"Ulijua?"

"Nilikuwa na wasiwasi."

"Jana tumekula pamoja, Matthis. Umenipa chumvi, ukanyamaza!"

"Ningekuambia wewe peke yako, ningewaibia wenzako wote."

"Wenzangu farasi wao wako hai. Toka."

Alitoka. Alipiga simu majira yote ya vuli; Wiebke alikata kila mara. Mwishowe Matthis aliacha kazi ya uwanjani, akaenda kupaka rangi madirisha ya watu na mjomba wake. Kule Norden, mfupa wa Wiebke uliunga, lakini banda la farasi hakulikanyaga.

Jumapili moja ya baridi kali, wakinywa chai, alimwambia baba yake, "Nataka kuitazama ile video ya siku tulipoanguka."

"Una hakika, mwanangu?"

Waliitazama pamoja. Wiebke aliona visigino vyake vikimbana Lerche ubavuni, mikono ikilegeza hatamu. Alikuwa anafukuzana na saa. Alimwomba mnyama aruke kutoka mbali mno. Na Lerche alianguka kwenye kizuizi cha kwanza. Ile nafasi finyu hakuwahi hata kuifikia.

"Mwili wangu ulijua, baba," alisema. "Moyo ndio uliotaka mtu wa kumlaumu."

Mzee Onno alimsogezea simu.

"Wiebke?" Matthis aliuliza. "Unaumwa?"

"Mimi ndiye niliyemharakisha Lerche. Mzigo wangu nikakutwika wewe, nawe ukaubeba kimya. Nisamehe."

Upande wa pili kitu kilianguka sakafuni.

"Nakuja," alisema.

Matthis alimkuta Wiebke stesheni ya Norden, amejifunika koti la baba yake, upepo ukimchapa nywele. Hawakukumbatiana mara moja. Walitazamana kama watu waliotoka msibani.

"Kazi ile nimeiacha," Matthis alisema. "Nataka nikuoe, tusiwe na la kufichana tena."

"Hapana. Rudi ukajenge."

"Kwa hiyo umenikataa."

"Nisikilize, mpenzi. Ulinipenda, na bado hukuwaibia wengine. Nataka watu waruke vizuizi vya mtu kama huyo. Na mimi nikiweza kupanda tena, nitaviruka, na hutaniambia neno."

"Hata nikiogopa?"

"Hata ukiogopa. Utaweza?"

"Itaniua," Matthis alisema, "lakini nitaweza."

"Basi nioe."

Ndipo akamkumbatia, akilinda bega lile lililoumia. Wakaenda shambani kwa miguu, moja kwa moja hadi bandani, wakasimama mbele ya chumba kitupu cha Lerche wakiwa wameshikana mikono. Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze kulia.