Jiwe Lililosuguliwa

Mpishi alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kuona masizi akanyamaza. Sufuria zake ungeweza kujitazama humo. Sasa siku kimondo kilipopita juu ya mji kwa kishindo, jiwe jeusi likatua uani kwake, alifanya nini? Alilisugua! Kwa sabuni na waya wa sufuria, mpaka likawa la kijivu, limetakata.

Wifi yake, fundi cherehani, aliyekaa naye nyumba moja, naye aliokota lake karibu na tangi la maji. Jeusi tii. Akayalinganisha.

"Wifi, lako kokoto la barabarani hilo. Langu ndilo la angani."

"Nimeliona likianguka kwa macho yangu haya!"

"Basi macho yako yana uongo."

Mpishi aliumia sana. Miaka yote wameishi kama chanda na pete, leo anaitwa mwongo kwa ajili ya jiwe! Wakanuniana. Kila mmoja akawa anachemsha chai yake.

Mwishowe mpishi akamwita jirani yao, mtaalamu wa miamba. Mama huyo akavaa glavu, akaligeuza lile jiwe la kijivu.

"Nani kaliosha?"

"Mimi. Lilikuwa na masizi."

"Loo, dada yangu! Yale si masizi. Jiwe likishuka kwa kasi, ngozi yake huyeyuka kwa joto. Ikipoa, inakuwa nyeusi. Wewe umelivua nguo!"

Fundi akacheka, akachomoa sumaku yake ya kuokotea sindano. "Tujaribu kama yananasa."

"We! Rudisha hiyo! Ndani ya jiwe mna alama za sumaku za zamani sana. Yako itazifuta."

Fundi akairudisha mfukoni.

"Sasa utajuaje kama mawe haya ni ndugu?" aliuliza mpishi.

"Kwa macho tu, sitajua. Mawe mengi ya angani hufanana. Maabarani tutakata kipande kidogo cha kila moja, tupime madini yake. Tena jiwe likiwa angani hupata mionzi hafifu. Likishatua, baadhi yake hufifia upesi. Tukiikuta hiyo bado imo kwenye yote mawili, na madini yakilingana, huo ni ushahidi mzuri kwamba yameanguka pamoja."

Majibu yalipotoka, jirani alikuja anatabasamu. Madini yalilingana. Mionzi ilikuwamo katika yote mawili. Anguko moja.

Fundi akainama. "Wifi, nisamehe. Nilikuita mwongo bure."

"Yameisha. Mimi nami nililichubua."

Jirani akawaachia mifuko safi. "Mkiona jingine, msioshe, msiguse kwa mkono mtupu. Andikeni mlipolikuta."

Haukupita muda, mpishi akaona kijiwe cheusi kwenye mfereji wa bati la paa. Vidole vikamwasha. Akaita kwa sauti:

"Wifi! Njoo na mfuko, ulichukue wewe. Mimi mikono yangu siiamini!"

Fundi akaja mbio, cherehani kaiacha na nguo ya mteja sindanoni.