Nukta Nane ya Mama Stojna

Kibodi ya marehemu Zahari ilianza kujigonga yenyewe saa saba mchana, watu wa ofisini wakila banitsa, mkate wa jibini, mezani. Zahari alikuwa na siku thelathini na tisa kaburini. Nyumbani kwake vioo vyote vilikuwa vimefunikwa vitambaa, kama tufanyavyo hapa mjini Plovdiv mpaka arobaini ipite, roho isije ikanasa humo. Skrini yake ya ofisini hakuna aliyeifunika. Bosi Gavrail alisema hana muda na ushirikina, na kusema kweli mtu yule hakuwa na muda na chochote chenye utu.

"Nani kawasha mshumaa?" Radostina, aliyekuwa akiandika programu pamoja na Zahari, aliuliza kwa sauti ya chini. Palinuka nta iliyoungua, ile ya mishumaa ya makaburini.

"Hakuna mshumaa. Kula, turudi kazini," alisema Gavrail.

Simu ya Radostina ikaita. Alikuwa nesi Pavlina wa wodi ya moyo, alikolazwa mama yake, Stojna.

"Mwanangu, mashine ya dripu ya mama yako imesimama. Daktari kaandika mililita sifuri nukta nane kwa saa, mashine inasoma sifuri. Midomo inageuka bluu."

"Iwekeni kwa mkono, nesi. Msiiamini mashine. Usikate simu, nakuomba."

Hospitali ile ilitumia programu ya ofisi yao. Ndani yake mlikuwa na kinakilishi alichoandika Zahari: kinachungulia faili la daktari, kinasoma chenyewe majina ya sehemu zake, kisha kinahamishia kila thamani kwenye sehemu yenye jina hilohilo upande wa mashine. Ila upande wa mashine ulipokea namba nzima tu. Sifuri nukta nane ikisukumwa pale, nane inakatwa, inabaki sifuri, na hakuna anayeambiwa. Zahari alilijua hilo, akaandika mstari mmoja: namba isipoenea, kataa, mwite nesi.

Radostina aliutafuta mstari ule. Ulikuwa umezimwa. Pembeni palikuwa na jina la Gavrail na tarehe ya mazishi.

"Uliuzima sisi tukiwa makaburini?"

"Wateja walichoshwa na makelele, Rado. Sasa programu inakwenda laini."

"Na mama yangu anakwenda laini, siyo? Mshenzi wewe."

Radostina aliurudisha mstari kwenye kompyuta yake, na alipokuwa akiurudisha kibodi ya Zahari iligongwa kwa nguvu zaidi, kitufe kwa kitufe pamoja na vidole vya Radostina, harufu ya nta ikamjaa kooni, na kwenye kioo cha skrini ya Zahari iliyozimwa, palipotakiwa kuonekana kiti kitupu tu, alikuwepo mtu ameinama akiandika, kola ya shati la kuzikiwa imemkaa upande, na hakuinua uso mpaka neno la mwisho lilipokaa mahali pake.

Kisha kibodi ikatulia.

"Mashine imeacha kunirudishia sifuri. Niliyoweka kwa mkono inaingia," nesi alisema kwenye simu. "Rangi inarudi. Anakuuliza kama umekula."

Radostina alilia bila kujificha. Gavrail alisubiri kidogo, kama mtu mstaarabu, halafu akavuta kiti cha Zahari, akakaa mbele ya kompyuta ya Radostina.

"Pole. Ila huu mstari nauzima tena. Mama yako si keshapona?"

"Usiguse, Gavrail."

Akanyoosha mkono kwenye kibodi. Radostina alikuwa akitazama skrini nyeusi ya Zahari: mle ndani mkono wa Gavrail ulikuja mpaka kwenye kiwiko, ukaishia hapo, umekatwa safi. Kilichobaki hakikuonekana.

"Mbona vitufe havibonyezeki?" Gavrail alinong'ona. Aliinua mkono, akaugeuzageuza. Vidole vilikuwepo vyote vitano. Akajaribu kushika kikombe chake cha kahawa, vidole vikakipita bila kukitikisa. Akajaribu kumshika Radostina bega, na Radostina hakuhisi kitu.

"Rado, nisaidie. Huo mstari uwashe tu."

"Umewaka tayari. Wewe ndiye usiyeenea," Radostina alisema. Alivua skafu yake, akaifunika skrini ya Zahari, akaenda kumwona mama yake.