Nukta ya Bibi Meng

Uzi mwekundu ulimwishia Cuihe jioni ya siku ya kumi na saba, mwezi wa tisa. Kiatu kimoja cha arusi kilikuwa tayari. Cha pili kilikuwa na nusu ua.

"Nenda kwa mtia rangi, mdogo wangu," akamwambia ndugu yake. "Kitita kimoja tu. Na usiniletee ule uliofifia kama wa juzi. Naolewa, sizikwi."

"Giza linaingia, Dada."

"Ndiyo maana nakutuma sasa. Au msomi wetu anaogopa giza?"

Lu Yantang alinuna, akavaa viatu. Alikuwa na miaka thelathini na saba, shahada moja ndogo ya mtihani wa wilaya, na mtihani wa mkoa alikuwa ameushindwa mara saba. Hajui kuwasha jiko. Hajui mchele unahifadhiwa wapi nyumbani kwake mwenyewe. Tangu wazazi wafe, dada yake ndiye aliyefuma kitambaa usiku na mchana ili yeye asome, na sasa, akiwa na miaka arobaini na moja, dada huyo alikuwa amepata mtu. Gu, muuza tofu, mjane mwenye mikono mikubwa na kicheko kikubwa. Zilibaki siku kumi na mbili.

Tuseme ukweli, Yantang hakuifurahia arusi ile. Kila akimwona Gu mlangoni, tumbo lake lilikuwa linauliza nani atampikia. Lakini hakusema kitu, maana aliona jinsi Cuihe alivyokuwa akiimba akishona, na miaka ishirini hakuwa amemsikia akiimba.

Miaka ishirini nyuma Cuihe aliwahi kuchumbiwa mahali pengine. Mchumba akafa kabla ya arusi. Mambo yale yalimalizwa kwa barua, na barua aliiandika Yantang. Tutaifikia.

Uzi aliupata. Mwekundu kweli, akautia kwenye mkono wa joho lake. Ukungu ulikuwa umeshuka aliporudi kwenye daraja la mawe, ukungu mzito, wenye harufu ya kafuri na karatasi mbichi. Akasimama kidogo. Kafuri huwekwa kwenye masanduku ya nguo za maiti.

Mbele yake, katikati ya daraja, palikuwa na machela.

Wachukuzi wanne wamevaa nguo nyeupe za katani, nguo za msiba, wamesimama bila kuitua chini. Pembeni yao mzee mmoja mwenye joho jeupe. Akainama mpaka chini.

"Mheshimiwa Lu."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita Lu Yantang Mheshimiwa. Gengeni walimwita Mara Saba.

"Nyumba ya bwana wangu ina msiba," mzee akasema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. "Msomi tuliyemwalika ameshikwa na homa. Kibao kinangoja nukta. Saa ya Jogoo, saa hii ya machweo, isitupite."

"Mimi shahada yangu ni ndogo, mzee."

"Kwetu inatosha."

Kazi yenyewe Yantang aliijua vizuri. Mtu akifa, huandikiwa kibao cha roho, na neno la mwisho kwenye kibao, awe mwanamume au mwanamke, ni "bwana". Lakini mwandishi huliacha bila nukta yake ya juu, na bila nukta hiyo husomeka "mfalme", neno tu kwenye ubao tu. Kisha huitwa mwenye shahada. Hutia nukta moja nyekundu. Mfalme anakuwa bwana, na roho inaingia kwenye kibao, inakaa humo. Kwa nyumba za matajiri walialikwa wakubwa wenye mavazi ya hariri. Yeye hakuwahi kualikwa na yeyote.

Alijua na sharti moja, maana mwalimu wake alimkaririsha kwa fimbo. Usitie nukta kwenye jina ambalo hujalisoma kwa sauti.

Akapanda machela.

Hawakwenda mbali. Mbao za machela zililia kwii... kwii... kwii... na Yantang akajikuta anasikiliza kitu kingine, kitu ambacho hakikuwepo. Barabara ilikuwa tope tupu. Wachukuzi wanne, miguu minane. Hakusikia hata hatua moja.

Akajiambia ni ukungu.

Ukumbi ulikuwa na mishumaa mingi, watu wengi weupe wamepanga mistari miwili, vichwa chini. Hakuna aliyelia. Wakamvika mshipi mwekundu begani. Wakamkalisha kwenye kiti cha juu, kiti chenye mto. Wote, wazee kwa vijana, wakampigia magoti. Hapo, jamani, Mara Saba akasahau kila kitu. Akanyoosha mgongo. Akatamani Gu angemwona, na gengeni wangemwona, na wale watahini saba wote.

Kibao kililetwa kwenye sinia. Kimefunikwa kitambaa chekundu, limebaki wazi neno la chini tu, mfalme asiye na nukta.

"Jina?" Yantang akauliza. "Lisomwe kwanza."

"Kwetu husomwa baada," mzee akanong'ona.

"Mwalimu wangu alinifundisha..."

"Mheshimiwa. Saa ya Jogoo inapita."

Wote walikuwa bado wamepiga magoti. Wangapi duniani walishawahi kumpigia magoti? Akasema moyoni, kila nyumba na desturi zake. Akapokea brashi.

Mpini wa brashi ulikuwa wa mwanzi, na mwanzi ulikuwa na kibanzi. Kikamchoma kidoleni. Tone moja la damu likaanguka kwenye kisahani cha wino mwekundu, likatoweka humo. Kwa desturi wino wa nukta hutiwa tone la damu, nayo huwa ya mtoto wa marehemu, na wasipokuwepo watoto, huwa ya ndugu. Yantang alilijua hilo pia. Akamtazama mzee ili aombe wino mwingine.

"Vizuri," mzee akasema.

Kabla ya kutia nukta, msomi huelekea mashariki linakochomoza jua, akavuta pumzi, akaipulizia brashi. Wakamgeuza magharibi. Akavuta pumzi. Kafuri ikamjaa kifuani. Akapuliza.

Akatia nukta.

Mishumaa yote ikainama upande mmoja, kana kwamba mlango umefunguliwa na mtu ameingia.

Kitambaa kikavutwa. Akasoma, kwa sauti, maana mdomo ulishazoea kusoma: "Bibi wa nyumba ya Meng... binti wa Lu."

Meng.

Nyuma ya pazia, karibu kabisa na sikio lake, sauti ya kijana ikasema polepole:

"Asante, shemeji."

Sasa tuifikie barua. Mchumba wa Cuihe alikuwa kijana wa ukoo wa Meng, alikufa kwa kifua akiwa na miaka kumi na tisa. Wazee wa Meng wakadai bibi arusi aletwe vilevile. Aolewe na kibao, alale chumba kimoja na kibao, avae nyeupe mpaka afe. Wapo wanawake waliofanya hivyo na wakajengewa milango ya heshima. Cuihe alilia siku tatu. Yantang, miaka kumi na saba, akachukua brashi akawaandikia kwamba dada yake amekufa kwa huzuni. Alifanya hivyo kwa kumpenda. Alifanya hivyo pia kwa sababu siku hizo tatu za kilio nyumbani hakukupikwa. Yeye mwenyewe hakujua sababu ipi ilikuwa kubwa, na hakuwahi kutaka kujua.

"Barua yako ilitufikia," mzee akasema sasa. "Hati nzuri sana. Tuliamini. Tukamchongea kibao, tukamwozesha kwa bwana mdogo. Lakini hakuja. Miaka ishirini bwana mdogo anakaa na kibao kitupu. Tukaelewa kwamba kuna kitu kilikosekana."

"Mwili uko wapi?" Yantang akanong'ona. "Hapa hakuna jeneza. Mwili uko wapi?"

"Uko njiani."

Kibao cha roho huwa na mbao mbili, ya nje yenye jina, na ya ndani yenye saa ya kuzaliwa na saa ya kufa. Yantang akachomoa ya ndani. Mwaka wa Mbuzi, mwezi wa tatu, siku ya tisa, saa ya Sungura. Alikuwa akimpikia dada yake tambi siku hiyo kila mwaka... hapana, ni dada aliyepika, siku yake mwenyewe ya kuzaliwa, na yeye akala.

Chini yake, kwa wino ambao haujakauka: mwezi wa tisa, siku ya kumi na saba, saa ya Jogoo.

Leo. Sasa hivi.

Akakikumbatia kibao akaanza kuikwangua nukta. Wasomi hufuga ukucha wa kidole cha mwisho kuonyesha kwamba hawabebi mizigo, na wake ulikuwa mrefu kama jani la chai. Akakwangua. Ukucha ukavunjika. Akakwangua kwa kilichobaki. Nusu ya nukta ikatoka. Nusu ilikuwa imeingia ndani ya mbao.

Hakuna aliyemzuia. Walimwangalia tu, mistari miwili, nyuso nyeupe, na mmoja baada ya mwingine mishumaa ikazimika.

Ulipozimika wa mwisho, ukumbi haukuwepo tena. Yantang alikuwa amepiga magoti kwenye miiba, kilimani, kwenye makaburi ya ukoo wa Meng. Mbele yake kaburi la zamani lenye jina. Kando yake shimo. Udongo wa pembeni ulikuwa mbichi, na shimo lilikuwa tupu.

Alikimbia. Alianguka, akainuka, kibao kimebanwa kwapani. Alivuka daraja bila kujua amevuka. Alimwomba kila mungu aliyemjua, na aliahidi mambo mengi: kwamba atamruhusu dada yake aende, atambeba mwenyewe mgongoni mpaka kwa Gu, atajifunza kuwasha jiko.

Mlango ulikuwa wazi. Taa inawaka.

Cuihe alikuwa amekaa palepale, kiatu mkononi, sindano inakwenda na kurudi.

"Umechelewa," akasema.

Yantang akaanguka miguuni pake akalia kwa sauti, mikono kwenye magoti yake. Yalikuwa na joto. Dada yake alikuwa hai. Akautoa uzi mwekundu kwenye mkono wa joho na kumwekea mapajani.

Cuihe hakuutazama. Sindano ikaendelea, inaingia, inatoka, inaingia. Yantang akainua kichwa.

Haikuwa na uzi.

Gu alikuja asubuhi na tofu ya moto kama kawaida yake, anacheka toka uchochoroni.

"Bibi arusi! Njoo uonje, leo nimeitengeneza laini kama shavu lako."

Cuihe akatoka, akafunika uso kwa mkono wa nguo.

"Kaka, usiseme nami hivyo," akasema kwa adabu. "Mimi ni mke wa mtu."

Gu akadhani ni utani. Akacheka. Kisha akamtazama Yantang na kicheko kikamkauka. Alikuja tena siku kumi mfululizo, na siku ya kumi na moja, siku ya arusi, alisimama uchochoroni na nguo zake mpya mpaka mchana, akaondoka. Sasa huzungukia barabara ya nyuma.

Kuhani wa hekalu la mlimani aliitwa. Alimpima Cuihe mapigo, mkono huu na mkono ule, akaenda akakitazama kibao muda mrefu.

"Hii nukta ni nusu," akasema. "Siyo mfalme, siyo bwana."

"Basi niikwangue yote?"

"Imeshanywewa na mbao."

"Sasa dada yangu yuko wapi?"

Kuhani alivaa kofia yake. Chai aliiacha bila kuigusa.

"Ama imalizwe, aende kwao Meng," akasema mlangoni, "ama... sijui. Sijawahi kuona mtu akiacha nusu." Na hakurudi tena, ingawa aliitwa mara mbili.

Hayo yalikuwa mwezi wa tisa. Huu ni mwezi wa pili wa mwaka mpya. Kidonda cha kibanzi kwenye kidole cha Yantang hakijafunga, kila siku hutoa tone moja. Majirani wanasema dada yake amepona, maana wanamwona akifagia, akifuma, akichota maji. Hawajamwona saa ya Jogoo.

Saa hiyo ikifika, Cuihe huacha alichoshika. Hukifunua kibao. Husaga wino mwekundu polepole, hulowesha brashi, huiweka mbele ya ndugu yake upande wa kulia, mpini umemwelekea, kama alivyokuwa akimwandalia alipokuwa mwanafunzi. Kisha huketi mbele yake. Na kwa muda mfupi, kwa pumzi chache tu, sauti huwa ni yake hasa, ya Cuihe, ile iliyokuwa ikimtania.

"Malizia, mdogo wangu. Nimesimama mlangoni. Miguu inaniuma."

Yantang huishika brashi. Kila jioni huishika. Hutazama ile nusu ya nukta, na tone la kidole chake linavyoteremka kwenye mwanzi.

"Kesho, Dada," husema.

Naye hukaa akimtazama kidogo, bila hasira. Kisha macho yake huzimika tena. Huinuka, huenda jikoni. Moto huwaka. Baada ya muda huja na bakuli la wali, na mboga iliyokatwa nyembamba, na chumvi kiasi kile anachokipenda.

Yantang hulia. Kisha huchukua vijiti, akala.