Barua Iliyowashia Mkaa

Hadithi hii nilisimuliwa na binti yangu, fundi cherehani, Jumamosi iliyopita tulipokuwa tunaanua nguo. Nimeiandika kama alivyoisema.

Mjukuu wangu, binti yake, ni muuguzi. Asubuhi moja alitoka zamu ya usiku, miguu imevimba. Hakuvua hata viatu. Alikaa karibu na cherehani ya mama yake, akatoa fomu ya chuo. Alitaka kusomea shahada ya uzamili. Nafasi zilikuwa kumi tu, na mwisho wa kupeleka fomu ulikuwa Ijumaa.

"Mama, hapa wanauliza kama nimewahi kuadhibiwa na chuo."

Cherehani ikanyamaza. Wote wawili walikumbuka. Miaka saba nyuma, akiwa mwanafunzi wa chuo hichohicho, aliingiza jiko la umeme bwenini. Ilikuwa marufuku. Akasinzia, sufuria ikakauka, pazia likashika moto. Hakuna aliyeumia. Chuo kilimpa barua ya onyo.

"Weka Hapana," mama akasema. "Ile barua niliwashia mkaa, kwa mkono wangu huu. Imekwisha."

"Na wakijua?"

"Watajuaje? Majivu yanasema?"

Mjukuu wangu akatia alama kwenye Hapana.

Mara jirani akaingia kuchukua gauni lake. Tunamwita Bi Masjala, kwa kuwa alitunza mafaili ya ofisi miaka thelathini mpaka akastaafu.

"Shikamoo, Bi Masjala."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sura kama umetoka kuzika?"

Wakamweleza. Bi Masjala akacheka mpaka akakohoa.

"Mwenzangu, wewe ulichoma nakala yenu! Ya chuo iko kabatini. Imelazwa kwenye faili, lakini haijasinzia."

"Sasa akisema kweli si watamkataa?" mama akauliza.

"Siwezi kukuahidi. Ila kosa la jiko ni dogo. Uongo kwenye fomu ni mkubwa. Hapa chini anaweka sahihi kwamba yote ni kweli. Wakigundua, hata akiwa mwaka wa pili, wanaweza kumfukuza."

"Nimechoka, Bi Masjala," mjukuu wangu akasema. "Nimechoka hata kuogopa."

"Basi chukua fomu nyingine, uandike kabla hujalala."

Akatoa fomu ya akiba, akatia alama kwenye Ndiyo, akaandika maelezo kwenye karatasi. Yakajaa ukurasa mzima: njaa, mwenzake wa chumbani, umeme mbovu. Bi Masjala akavaa miwani, akasoma.

"Humu umemshtaki kila mtu, umejisahau wewe. Punguza! Sema ulifanya nini, lini, uliadhibiwa vipi, umejifunza nini. Wasichouliza, usikijibu. Swali usilolielewa, piga simu ofisi ya chuo uulize."

Akaandika upya, macho yanajifumba:

"Miaka saba iliyopita nilitumia jiko la umeme bwenini, kinyume cha sheria. Nilisinzia, pazia likaungua. Nilipewa barua ya onyo na nikalipa pazia. Sijarudia. Tangu siku hiyo siachi moto bila mtu."

Mama akaisoma mara mbili. Akaikunja mwenyewe, akaitia kwenye bahasha pamoja na fomu.

Mwezi mmoja ulipita, wa zamu na cherehani. Kisha mjukuu wangu akaitwa kwenye usaili. Walimu watatu walikaa mbele yake. Mezani palikuwa na faili la zamani, limefunguliwa. Barua ya onyo ilikuwa juu kabisa.

Akavuta kiti, akakaa.

"Ulikuwa unapika nini?" mwalimu mmoja akauliza.

"Maharage, mwalimu."

Wakacheka. Mwalimu wa pili hakucheka. "Leo ukikuta jiko kama hilo wodini, kando ya kitanda cha mgonjwa?"

"Nitalizima kwanza. Halafu nitamwuliza mwenye jiko kama ana njaa."

Mwalimu akaandika kitu, akafunga faili.

Barua ya kukubaliwa ilifika siku ya Jumatano, mjukuu wangu akiwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Aliisoma amesimama mlangoni. Bi Masjala naye alikuwepo.

"Hii usiwashie mkaa, mwenzangu," akasema, akaenda zake.

Mama alitaka kumkumbatia binti yake. Alipogeuka, mtoto alikuwa ameshalala juu ya godoro, viatu miguuni. Mama akamvua kimoja, akamvua cha pili. Akaiweka barua kwenye droo ya cherehani. Gauni la mteja lilikuwa bado halijatiwa upindo. Akaegemeza kichwa juu ya kitambaa, afumbe macho kidogo tu, akalala.