Gunia la Mama Ponsiano

Kila siku alipotoka shule, Levina alivua sare, akala, kisha akaketi barazani na ungo kupeta mchele. Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka 1994, na mtaa mzima wa Lipangalala, mjini Ifakara, ulinukia mpunga mpya. Hapo barazani ndipo wapita njia walipomkuta, na wiki ile kila aliyepita alikuwa na swali lilelile.

"Nasikia kwenu kuna gari linakwenda Dar Ijumaa?"

Ni kweli lilikuwapo. Dada yake, Marsiana, alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Ulaya. Waliomfadhili walimkatia tiketi ya ndege ya Jumamosi asubuhi na mapema, na walimwambia wazi kwamba ndege hiyo ikimwacha, hakuna tiketi nyingine na nafasi yake atapewa mtu mwingine.

Mzee Telesphory, jirani mwenye Landrova, ndiye aliyekubali kuwapeleka uwanjani. Alikuja jioni moja kupanga safari na Baba, na alivyokuwa mtu wa kupanga, alipanga hadi ajali ambazo hazijatokea.

"Tunaondoka Ijumaa tukishakula mchana," alisema. "Nataka nipite mbuga ya Mikumi kabla giza halijakolea, maana tembo hawawashi taa. Natenga muda wa pancha ya kwanza, na muda wa pancha ya pili. Usiku wa manane tuwe uwanjani, tusinzie humohumo garini mpaka wafungue milango."

"Na mizigo?" Baba aliuliza.

"Sanduku la binti, basi. Barabara imechimbika na springi zangu za nyuma zimechoka. Mtu asiniletee hata kisado cha mchele."

Rahisi kusema. Ifakara nzima ilijua kwamba gari linalokwenda Dar si la mwenyewe peke yake. Kila mwenye mtoto Dar hutaka kumpelekea mchele mpya, na atakayemkatalia atasemwa mpaka mavuno mengine. Baba hakuwa na uso wa kuwakatalia majirani. Kwa hiyo, kama wafanyavyo watu wazima wengi, kazi ngumu akamtupia mtoto.

"Levina, wewe uko barazani kila siku. Atakayeuliza mwambie gari limejaa. Ukiifanya kazi hiyo vizuri, na wewe utakwenda, ukaione ndege kubwa."

Levina hakupata usingizi usiku ule kwa furaha. Ndege kubwa alikuwa ameiona kwenye kalenda tu.

Wa kwanza kuuliza baada ya hapo alikuwa Mama Ponsiano, muuza vitumbua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina kigunia kidogo cha Ponsiano wangu. Kidogo tu, hata hamtakiona."

"Mama, gari..." Levina alianza. Lakini mama huyu alikuwa akimwongezea kitumbua kimoja bure tangu alipokuwa darasa la kwanza. Maneno yakamkwama. "Haya, Mama. Leta Ijumaa."

Ah, jinsi alivyojisikia vizuri! Mama Ponsiano alimwita mtoto mwenye moyo, na akaondoka akitabasamu. Kesho yake Levina alimkubalia Bibi Eufrasia, aliyekuwa na tenga la samaki wakavu kutoka Kivukoni, kule mtoni. Siku iliyofuata akamkubalia kijana Kasmiri, aliyetaka lifti yeye na godoro lake. Kila aliyekubaliwa alimsifu, na kila jioni Baba alipouliza, Levina alijibu bila kupepesa macho, "Wameuliza, Baba. Nimewaambia limejaa."

Ijumaa mchana Landrova ilisimama mlangoni, sanduku la Marsiana likapakiwa, Mzee Telesphory akanawa mikono. Ndipo walipoanza kutokea. Bibi Eufrasia alikuja na tenga, akaliacha, akabariki safari. Kasmiri alikuja na godoro kichwani. Mwisho akaja Mama Ponsiano, na nyuma yake kile kigunia kidogo, kimebebwa na wanaume wawili wanaohema.

"Na mimi nitakisindikiza," Mama Ponsiano alisema, akipanda. "Si nafasi ipo?"

Baba alimvuta Levina pembeni. "Nani kawaambia hawa waje?"

Levina aliangalia miguu yake. "Sijui, Baba. Labda wamesikia tu."

Kuwafukuza mbele ya mtaa mzima hakuna aliyeweza, kwa hiyo Mzee Telesphory alipakia, akapakua, akapakia upya. Alifunga godoro juu, likateleza, akalifunga tena huku akisema peke yake maneno ambayo Levina hakufundishwa shuleni. Baba alisonya. Marsiana, aliyekuwa amekaa mbele tangu mwanzo, alibaki akiuliza, "Tutafika kweli?" Walipoondoka, jua lilikuwa limeinama, na muda wa pancha zote mbili ulikuwa umekwisha kabla tairi halijazunguka.

Gari lilikwenda likilalamika kila shimo. Lilipofika kijiji cha Mkula, lilitumbukia kwenye korongo dogo lililokata barabara, na chini yao kitu kikalia kama kuni kavu inayovunjwa. Landrova ikainamia upande mmoja.

Mzee Telesphory aliingia uvunguni, akatoka na vumbi usoni. "Springi imekatika," alisema, akaketi kando ya barabara kama mtu aliyechoka na dunia.

Marsiana alianza kulia. Alilia bila sauti, mkoba wenye tiketi kaukumbatia kifuani, na kulia huko kulimchoma Levina kuliko kama angemtukana.

Fundi wa baiskeli wa pale kijijini alisaidia kuchonga kipande cha mti, wakakikaza mahali pa springi kwa mipira ya tairi. "Itafika," Mzee Telesphory alisema, "lakini gari likiwa jepesi. Mchele, samaki, godoro na wenyewe, vyote vibaki."

Baba alimgeukia Mama Ponsiano, uvumilivu umemwishia. "Mama, jirani mzima! Unajua binti anawahi ndege, na bado unaleta gunia kama la kulisha harusi?"

"Mimi niliambiwa nilete," Mama Ponsiano alijibu.

"Na nani?"

Mama Ponsiano alifungua kinywa, akamtazama Levina, akakifunga. Levina aliona kwamba mama huyu yuko tayari kubeba lawama mbele ya watu kwa ajili yake. Hilo hakuliweza.

"Ni mimi, Baba," alisema. "Wote niliwakubalia mimi. Niliona haya kuwakatalia. Na nilikudanganya kila jioni, na leo pia."

Baba alimgeukia, akainua kidole. Mzee Telesphory akamkatiza. "Maneno baadaye. Mizigo itabaki na nani?"

"Mimi nitabaki nayo," Levina alisema, akishuka garini. "Mimi ndiye niliyeipakia." Alijua anachokiacha.

"Peke yake hatabaki," alisema Mama Ponsiano.

Marsiana alimkumbatia mdogo wake kwa nguvu, na Landrova ikaondoka, taa zake zikapotelea upande wa Kidatu. Usiku ule katekista wa Mkula aliwapa chumba. Levina na Mama Ponsiano walilala kwenye godoro la Kasmiri. Kasmiri mwenyewe alilala nje juu ya mchele, akinung'unika, "Lifti gani hii, jamani."

Kesho yake walishinda kando ya barabara wakilinda gunia na kufukuza paka waliowanyemelea samaki. Jua lilipokuwa linazama, Landrova ilirudi. Levina aliikimbilia, lakini alipofika mlangoni hakuthubutu kuuliza.

"Kaipanda," Baba alisema, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Walikuwa wanafunga mlango. Mzee Telesphory alibeba sanduku kichwani, akapita katikati ya askari. Mtu wa mwisho kuingia alikuwa Marsiana."

Levina alilia kwa furaha, na kidogo pia kwa ajili ya ndege ambayo hakuiona. Walipokuwa wanapakia, mwanamke mmoja wa Mkula aliwasogelea na mkungu wa ndizi. "Mwanangu, mnakwenda Ifakara? Nichukulieni huu tu."

Levina alitazama kile kipande cha mti chini ya gari. "Shikamoo, Mama. Samahani, hatuwezi. Gari ni bovu na limejaa."

Mwanamke alisonya, akamwita mtoto mchoyo, akaenda zake. Levina aliinamisha kichwa.

"Inua uso," Mama Ponsiano alimwambia. "Yule atanuna kidogo, kisha atakula ndizi zake na kulala. Na mimi ungenikatalia, ningenuna vilevile, halafu ningelala kitandani kwangu. Wewe ulinipa ndiyo ya uongo kwa kunionea huruma, na tazama nimelala wapi. Mtu anayekuheshimu hukuambia hapana mapema, ukiwa bado nyumbani na gunia lako."

Baba, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alikohoa. "Maneno hayo yananihusu na mimi, Mama Ponsiano," alisema. "Hapana hiyo nilipaswa kuisema mimi, sikupaswa kumtwisha mtoto."

Kisha akainama, akashika ncha moja ya gunia, na Levina akashika nyingine.