Unga Mweupe wa Chancelle

Kila Jumamosi, jua likichomoza upande wa ziwa, mtaa wetu ulio karibu na mto Lukuga huamshwa na kelele za Chancelle jikoni. Zamani kelele zenyewe zilikuwa za kinu. Chancelle alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna msichana wa rika lake aliyemshinda kutengeneza unga. Aliloweka mahindi, akayatwanga mpaka maganda yote yakatoka, akayapepeta, ndipo akayapeleka kwenye mashine ya kusaga. Unga ukirudi, aliuchekecha mara tatu. Bukari wake, yaani ugali, ulikuwa mweupe kuliko wa nyumba yoyote. Wageni wakiumega walisema, "Hapa tunakula chakula cha wakubwa!" Mama yake, Mama Anne, aliinamisha kichwa kwa adabu, lakini meno yake yote yalionekana.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Chancelle naye, kadiri alivyosifiwa, ndivyo alivyozidi kutwanga na kuchekecha. Pumba zote aliwamwagia kuku. Mboga za lengalenga, mchicha wa kwetu, alizichemsha mpaka zikalainika kabisa, kisha akamwaga maji yake, eti yasichafue bukari. Ndagala, wale samaki wadogo waliokaushwa wanaouzwa kila kona ya soko, aliwaona wa kawaida mno kwa nyumba yenye bukari kama ule.

Mwezi wa tano, pembe za mdomo wake zikapasuka. Ulimi ukawa mwekundu na kuuma. Jambo hilo lilimtesa sana, kwa sababu mwalimu wake, Papa Toussaint, alikuwa amemchagua kuongoza wimbo siku ya kutangaza matokeo ya mwaka. Alikuwa akiisubiri siku hiyo tangu darasa la kwanza.

Kwenye mazoezi alifungua kinywa ili aimbe, na damu ikatoka.

"Yee! Umelamba sukari ya mama yako!" akacheka Yvette, jirani yake wa darasani, kana kwamba vidonda vile ni adhabu ya mwizi wa sukari.

"Nyamaza, Yvette," Papa Toussaint alisema kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho "ndiyo" huwa "njo". "Chancelle, uende kwenye kituo cha afya. Sauti yako njo ile ninayotaka. Lakini tumebakiza wiki tano. Kama kinywa hakitafunguka, Yvette njo ataimba."

Siku ileile Mama Anne alimpeleka. Muuguzi, Mama Bertille, alimwangalia midomo, ulimi na macho, akampima damu, kisha akauliza, "Nyumbani munakula nini?"

Hapo Chancelle alisahau maumivu. Alieleza yote, kuanzia kuloweka mpaka chekeche la tatu, kama mtu anayetangaza ushindi.

"Na pumba munapeleka wapi?"

"Tunawapa kuku, Mama."

"Kuku wenu wako namna gani?"

"Wamenona! Manyoya yanang'aa! Wanataga kila siku."

"Na mayai?"

"Tunauza yote."

Mama Bertille alicheka mpaka akafuta macho. "Basi kuku njo wanakula chakula, na nyinyi munakula mabaki yao!"

Kisha akaacha kucheka. "Si kila kidonda cha mdomo kinaletwa na chakula, njo maana nimekupima. Lakini wewe, mutoto, umekosa vitamini za kundi B. Hizo njo zinasaidia mwili kugeuza chakula kuwa nguvu. Zinasaidia kutengeneza damu, zinalinda ngozi, kinywa na mishipa ya fahamu. Katika mahindi nyingi zinakaa kwenye ganda na kiini. Wewe unazitwanga, unazitupa. Tena nyingine zinayeyuka ndani ya maji, na maji ya mboga unayamwaga. Nyingi hazikai siku nyingi mwilini, kwa hiyo lazima kuzila kila siku: ndagala, mayai, maharagi, karanga, mboga za majani, maini ukipata."

Alimpa vidonge vya wiki mbili. Njiani Chancelle alilia. Kazi aliyoijua kuliko zote ndiyo iliyomwumiza.

"Usilie, mwanangu," Mama Anne alisema. "Miye njo nilikuwa nakusifu."

Kuanzia Jumamosi iliyofuata, mahindi yalikwenda kusagwa bila kukobolewa. Lengalenga ilipikwa kwa maji kidogo pamoja na karanga za kutwanga, na mchuzi wake ukaliwa. Ndagala wakaingia sufuriani. Baada ya wiki tatu vidonda vya mdomo vilikuwa vimefunga, na sauti ya Chancelle ilisikika mpaka barabarani.

Asubuhi ya sherehe, Mama Anne alitoa debe dogo la unga mweupe wa zamani. Dada yake, Tantine Rebecca, alikuwa amefika kutoka Moba.

"Leo tu, Chancelle. Tantine asituone maskini."

Chancelle aliutazama ule unga. Aliupenda bado, tuseme ukweli. "Hapana, Mama. Leo njo siku ninataka nguvu."

Aliimba. Papa Toussaint alifumba macho kusikiliza, na Yvette mwenyewe ndiye aliyeanza kupiga makofi. Uwanja mzima ukasimama.

Mchana, Tantine Rebecca aliumega bukari akaugeuzageuza. "Una rangi ya udongo. Mahindi yaliharibika?"

Mama Anne, aliyekuwa akiogopa swali hilo tangu asubuhi, alinyoosha mgongo. "Hayakuharibika. Umesikia sauti ya mutoto leo? Ilitoka humu. Zamani nilijivuna kwa weupe wa bukari, na watu walisifu sahani yangu wakati mutoto wangu anaumwa. Muntu asichague chakula kwa macho ya wageni. Achague kwa afya ya wale wanaokila kila siku."

Tantine alitafuna polepole, akaomba kipande kingine. "Na kuku waliozoea pumba?" akauliza. "Sasa munawapa nini?"

"Wajitafutie panzi," Chancelle akasema, akamsogezea yai la kuchemsha.